Anisia na Nta ya Chini ya Landrova

Mimi ni Mama Limi. Nimekaa Kambarage tangu mtaa huu ulipokuwa na nyumba chache na mbuzi wengi, na nikisikia mtu anamtaja jirani yangu Anisia kwa kicheko, damu inanichemka. Wapo wanaomjua kama yule mwanamke aliyelala chini ya gari kavaa suruali ya mumewe. Ndiyo, alilala. Na suruali ilikuwa ya mumewe kweli, ya kaki, kaikaza kiunoni kwa kamba ya katani. Sasa ulitaka alale chini ya gari na gauni la Jumapili?

Tena wanaocheka hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Anisia si mzaliwa wa hapa Shinyanga. Kwao ni Ushirombo, Msumbwa wa watu, binti wa mzee Telesphori aliyekuwa mrina asali. Alikulia kwenye moshi wa mizinga. Wenzake walipokuwa wanacheza rede, yeye alikuwa anamsaidia baba yake kuyeyusha masega na kuchuja nta kwa kitambaa, ile waliyokuwa wanaipeleka misheni kutengenezewa mishumaa. Ukimwonyesha nta, atakuambia kama imechanganywa au la kabla hujamaliza kuifungua. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na sauti yake kanisani ilikuwa inafika hadi kwa wale wanaosimama nje kwa kuchelewa.

Clemens alimkuta hukohuko. Yeye alikuwa Msukuma, dereva wa meneja wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na siku moja bosi wake alitaka kununua asali njiani. Meneja akanunua asali, dereva akapata mke. Hivyo ndivyo Clemens alivyopenda kusimulia, na kila akisimulia Anisia anamrushia chochote kilicho karibu, kijiko, kandambili, hata maganda ya viazi.

Baada ya Uhuru meneja yule akarudi kwao, akamwachia Clemens Landrova yake. Ee bwana! Mtu aliyezaliwa kuchunga ng'ombe, leo ana gari lake mwenyewe! Clemens hakulilaza. Alibeba wagonjwa, alibeba maharusi, alibeba magunia ya mpunga na maiti wa watu waliofia mbali na kwao. Huko Kharumwa, huko Ushetu kwenye tumbaku, wakiona vumbi wanasema, "Huyo Clemens." Watoto wa mtaa huu walijua mlio wa gari lile kabla hawajajua kusema baba.

Na kila mwaka, kabla ya mvua, alikuwa na kazi yake moja ambayo hakumwachia mtu. Anakwenda Ushirombo kwa mkwewe, anarudi na debe la nta. Anaiyeyusha, anaichanganya na oili chafu, anaingia chini ya Landrova na brashi ya katani, anapaka. Anapaka juu ya ile ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, hadi chini kukawa kuzito, kweusi, kunanukia asali na gereji kwa pamoja. Sababu yake ilikuwa moja. Bodi ya Landrova haishiki kutu, lakini chesisi, ule mgongo wa chuma unaobeba gari zima, huo matope yetu meusi ya mbugani huutafuna.

"Mama Tarsisi," alikuwa akimwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "chini kule ni kupya. Kupya kama siku lilipotoka kiwandani." Na Anisia alikuwa anatembea mtaani na maneno hayo kama mwanamke mwingine anavyotembea na kitenge kipya.

Halafu macho ya Clemens yakaanza kumsumbua. Walisema presha ya macho. Kwanza alikuwa haoni pembeni, mara akagonga banda la kuku la jirani yetu Paskazia, mara akashindwa kuona daraja. Ilipofika mwaka wa themanini na moja ilikuwa giza tupu. Usukani akaushika Tarsisi, kijana mrefu, mpole, aliyejua gari kwa kufundishwa na baba asiyeona. Clemens akawa anakaa kwenye kiti chake cha kamba uani, fimbo mapajani, kofia kichwani, anasikiliza. Landrova ikirudi jioni, anaijua imebeba nini kwa kusikia springi zake.

Sasa twende mwaka wa themanini na nne. Unaukumbuka? Sabuni hakuna, mafuta ya taa kwa foleni, vipuri ndiyo usiulize. Magari mabovu yalikuwa yanaua watu barabarani, na serikali ikasema yote yakaguliwe. Akaja mkaguzi wa magari, trafiki, kijana mwenye adabu zake. Akamwamkia Anisia shikamoo, akamwamkia mzee, akatandika gunia akaingia chini. Akachukua bisibisi akaichoma kwenye chesisi. Bisibisi ikazama. Ikazama mpaka kwenye mpini!

Akatoka, akaifuta bisibisi taratibu.

"Mzee," akasema, "sisemi kwamba gari lako limeoza. Ila siwezi kuandika kwamba nimeona chuma wakati nimeona nta. Itoeni yote. Jumatatu nitakuja mwenyewe. Nikikuta chuma kizima, nasaini. Nikikuta pameoza, nafungua namba naondoka nazo, na gari haliingii barabarani tena."

Hakuna aliyemlaumu, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini alipoondoka, Clemens alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Namba zikitoka, na mimi nimetoka." Anisia alinitazama.

Na watu nao! Alikuwepo Ngassa, mwenye gari lake la kukodisha pale stendi, mwanamume wa maneno mengi na breki chache. Siku ileile alishasambaza habari. "Landrova ya Clemens ilishavunjika mgongo zamani, chini ya nta hakuna chesisi, kuna nta tu! Siku jua likiwaka sana mtaikuta imelala chini." Watu wakacheka. Mimi nikamwambia, "Ngassa, gari lako lenyewe linasukumwa asubuhi na jioni, unapata wapi pumzi ya kusema la mwenzio?" Lakini neno lilishatoka, na neno la namna hiyo haliishi uani kwa mtu mmoja.

Usidhani Anisia hakulisikia. Jioni alikuja kwangu kuomba chumvi, akasahau chumvi.

"Mama Limi, nikikuta pameoza nitamwambiaje? Yule haoni. Atakachojua ni kile nitakachomwambia mimi. Miaka yote amejivunia chini ya gari lile, na mimi nimejivunia pamoja naye. Nikikuta kutu, nimdanganye?"

Nilimpa chumvi.

Kesho yake Tarsisi alianza na tindo. Nta baridi ilikuwa inatoka vipande vidogo kama ukoko, na tindo inakwaruza chuma. Anisia akavumilia kidogo, akashindwa. "Toka huko chini! Unachimba dhahabu? Hiyo ni nta ya baba yangu, mimi ndiye ninayeijua." Akaingia ndani, akatoka na ile suruali ya kaki.

Akapanga kazi ki-Ushirombo. Gari likapigwa jeki, likakalishwa juu ya magogo manene. Chini yake akaingiza mabeseni ya maji yanayochemka, pembeni kote akaziba kwa turubai na mablanketi mazee, mvuke usitoke. Wakasubiri. Walipofunua, nta ilikuwa imelegea, inang'aa kwa jasho. Wakaondoa mabeseni, yeye akajilaza juu ya gunia, mkononi ana kipande cha pembe ya ng'ombe alichokichonga kikawa bapa. Tindo inajeruhi chuma, pembe haijeruhi. Akawa anakwangua, nta inashuka kwenye beseni kwa mikunjo mikubwa. Ikipoa, anatoka, wanarudisha maji ya moto, wanaziba tena.

Clemens kwenye kiti chake, kila baada ya muda, "Umefika wapi?"

"Ekseli ya mbele."

"Enhe. Nenda taratibu hapo."

Uzio ulikuwa umejaa watazamaji. Wanawake wazima, wanaume na baiskeli zao, wote wanamwangalia mwanamke miguu nje kichwa chini ya gari. Wengine wanaguna, wengine wanamwonea haya badala yake, kana kwamba kawaomba. Ngassa naye yupo, kaegemea nguzo, anatoa mahubiri yake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, pamoja na ujanja wetu wote. Ilikuwa Oktoba, nchi imekauka, ua hakuna hata la dawa. Na sisi tumechemsha nta ya nyuki uani kutwa, harufu inapanda inasambaa Kambarage nzima. Nyuki wakaitika.

Kwanza wachache. Halafu tukasikia mvumo. Mayu wane, mama yangu! Uzio ulibaki mtupu kabla sijageuka. Baiskeli zikaachwa. Ngassa alikimbia na nguzo aliyokuwa ameiegemea nusu ya njia, kisa imenasa kwenye shati lake. Tarsisi alimbeba baba yake na kiti chake wakaingia ndani. Na mimi? Mimi nilikuwa jikoni kwangu mlango umefungwa, nachungulia kwenye ufa, sina haja ya kujifanya shujaa.

Anisia hakutoka. Nilimwona kwa macho yangu. Nyuki wanatembea kwenye mikono yake, kwenye suruali, kwenye kipande cha pembe, na yeye ametulia pale chini, anapumua kidogokidogo. Kisha akajivuta polepole mno. Akachukua mavi makavu ya ng'ombe, akayaweka kwenye kaa la jiko, moshi ukaanza. Akalichukua debe la nta iliyokwishakwanguliwa, akalipeleka mwisho wa kiwanja kwenye minyaa, akaliacha wazi. "Haya, cha kwenu hicho," akawaambia. Baada ya muda kundi lote likahamia kwenye debe. Yeye akarudi, akajilaza, akaendelea kukwangua.

Tangu saa ile hakuna aliyecheka tena. Tulirudi mmojammoja, wapole. Paskazia, yule wa banda la kuku, ndiye aliyeuliza, "Mama Tarsisi, tukusaidie nini?"

Kilichokuwa kinahitajika ni mafuta ya taa. Pembe ilikuwa inatoa nta nene, lakini kwenye chuma kulibaki utando mwembamba, na huo hautoki bila kitambaa chenye mafuta. Mafuta nayo yalikuwa hayapatikani madukani. Basi mwanamke wa kwanza akaenda kwake, akarudi na kibatari chake, akakimimina kwenye bakuli la Anisia. Wa pili akaja. Wa tatu. Mimi nilileta changu na cha binti yangu Limi. Usiku ule mtaa wetu ulikula ugali kwa mwanga wa moto wa kuni, na sikumsikia mtu akilalamika.

Jumapili baada ya misa Anisia alikuwa amemaliza upande wote wa kushoto. Alituita tuone. Chesisi ilikuwa na rangi yake ya kiwandani, ya kijivu, bila doa hata moja la kutu! Ukipitisha kidole kinateleza. Nilipiga kigelegele bila kukusudia. Miaka ishirini na ushee ya mbuga, mito na matope, na chuma kile kilikuwa kizima kabisa.

"Nilikuambia," alisema Clemens kutoka kwenye kiti. Lakini hakucheka. Nikashangaa, maana Clemens ninayemjua mimi angeimba.

Anisia akaingia upande wa kulia. Tukawa tunasikia pembe inakwangua, krrr, krrr, krrr. Ghafla ikagonga kitu, ta! Ikanyamaza.

Nikainama kuchungulia. Nyuma kidogo ya giaboksi, nta ilikuwa imetoka, na chini yake kulikuwa na kiraka. Bati nene la chuma, limechomelewa kuizunguka chesisi pande zote, mshono wake mnene, umevimbavimba. Chesisi ya Landrova ya Clemens ilishavunjika vipande viwili. Ngassa alikuwa amesema kweli.

Mikono ya Anisia ilikuwa imesimama hewani.

Na yule kipofu, kule kwenye kiti, akasema, "Umefika pale."

Anisia akatoka chini. Uso mweusi kwa oili, machozi yameweka njia mbili mashavuni. Niliondoka nikasimama kando, lakini masikio yangu siwezi kuyaondoa.

"Baba Tarsisi. Lini?"

"Masika ya sitini na tatu."

"Miaka yote hii unaniambia kupya! Unanifanya natamba mtaa mzima! Ulikuwa wapi? Ulikuwa umelewa? Ulikuwa umebeba nini kizito hivyo?"

"Nilikuwa nimekubeba wewe."

Anisia akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mambo yalikuwa hivi. Uzazi wa kwanza alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Uchungu ukamshika siku mbili, mtoto hatoki. Clemens akapelekewa habari, akaenda na Landrova kwenye mvua kubwa, akamlaza mkewe nyuma juu ya godoro la majani, akaondoka naye kuelekea hospitali ya Kahama. Njiani karavati lilikuwa limesombwa. Hakuliona. Gari likaruka, likatua kwenye mawe, na mgongo ukavunjika.

"Mimi nakumbuka kishindo," Anisia alisema taratibu. "Nilidhani ni mimi ninayekufa."

"Nilifunga chesisi kwa mnyororo na kamba za ngozi za watu waliokuwa wanachunga pale. Nikaendesha kwa mwendo wa kinyonga hadi hospitali. Huyu," akaelekeza fimbo mahali alipomsikia Tarsisi anapumua, "akazaliwa asubuhi. Baadaye fundi wa kiwandani akanichomelea. Nta ya kwanza niliipaka kuficha, sikatai. Kuanzia ya pili niliipaka kwa sababu niliona inafaa."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, usingepanda tena."

Anisia alitaka kukasirika, nilimwona anatafuta cha kumrushia. Alishika kitambaa kilicholoa mafuta, akakikunja, akaachia. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Tarsisi ndiye aliyesema lile ambalo wote tulikuwa tunaliwaza. "Mama, nta bado ina joto. Nikipaka hapo tu, kidogo, iwe kama imesahaulika, afande hataona. Akikuta chesisi ilivunjika anaweza kuchukua namba."

Clemens akageuzia uso upande wa mkewe. "Mwenye kuona ni wewe," akamwambia. "Utakavyosema ndivyo itakavyokuwa."

Anisia aliliangalia lile beseni la nta. Nilikuwa namwombea, na sijui nilikuwa namwombea afanye lipi. Kisha akachukua kile kitambaa, akarudi chini ya gari, akakisugua kile kiraka mpaka kikang'aa kuliko chesisi yote.

Jumatatu mkaguzi akaja. Mtaa mzima ulikuwa pale, na Ngassa mbele kabisa. Mkaguzi akatandika gunia lake, akaanza kuinamia upande wa kushoto.

"Hapana, afande," alisema Anisia. "Anza huku."

Akamwonyesha kiraka mwenyewe, kwa kidole. Nikasikia Ngassa anavuta pumzi ndefu. Mkaguzi akalala, akakitazama muda mrefu. Akachoma bisibisi, haikuingia. Akachukua nyundo, akagonga mbele ya kiraka, akagonga juu ya kiraka, akagonga nyuma yake. Clemens alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake, sikio limetangulia, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Chuma kililia mlio mmoja, mbele, juu na nyuma. Mkaguzi akazunguka gari zima, kila mahali anagonga, kila mahali ni pazima. Akatoka, akajikung'uta.

"Nimeshakagua magari mengi," akasema, "huyu aliyechomelea hapa alikuwa fundi kweli, na aliyetunza baada yake alikuwa dereva kweli." Akatoa kalamu, akasaini. Kisha akauliza, nadhani kwa udadisi tu, "Lakini chesisi ya Landrova ni ngumu. Nani aliivunja?"

Clemens akafungua mdomo. Anisia akamtangulia. Alisimama wima katika ile suruali ya kaki, mikono myeusi hadi viwikoni, na sauti aliyoitoa ni ile ya kanisani, ya kufika nje.

"Mimi, afande. Nilikuwa nalizaa hilo jitu unaloliona pale kwenye usukani."

Watu wote wakamgeukia Tarsisi, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake. Mkaguzi akacheka hadi kofia ikamdondoka. Na Clemens akainuka kwenye kiti chake, peke yake, bila kushikwa na mtu, akauelekea uzio aliokuwa hauoni.

"Mmemsikia mke wangu?" akauliza kwa nguvu. "Ngassa, umemsikia?"